Kura ya Sitini na Moja: Wakomunisti wa Moldova, Wazee Waliowachagua na Watoto Waliokuwa Mbali

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa hadi mlangoni: asanteni kwa kunikaribisha.

Tarehe 25 Februari 2001 wananchi wa Moldova walichagua wabunge 101. Matokeo yalipotangazwa, Ulaya ilishtuka. Chama cha Wakomunisti wa Jamhuri ya Moldova kilikuwa kimepata viti 71. Kwingineko wakomunisti wengi walikuwa wamebadili jina wakajiita wasoshalisti au wanademokrasia. Hawa hawakubadili chochote. Walibaki na jina lao, bendera yao nyekundu, nyundo na mundu. Na haikuwa hata miaka kumi tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike. Tarehe 4 Aprili mwaka huohuo Bunge lilimchagua kiongozi wao, Vladimir Voronin, kuwa Rais. Katika nchi zote zilizotoka kwenye Umoja wa Kisovieti, hapa ndipo kwa mara ya kwanza chama kilichojiita cha kikomunisti waziwazi kilirudi ikulu kupitia sanduku la kura, katika uchaguzi wa ushindani.

Mliponiomba nizungumze juu ya hatima ya vyama vya kikomunisti baada ya 1991, niliona ni afadhali nichukue chama kimoja nikichambue mpaka mwisho kuliko kupita juujuu ya kumi. Nimechagua hiki kwa sababu watu wakikitaja, ama wanakicheka, ama wanakiimbia sifa. Makundi yote mawili huwasahau wapiga kura. Mimi leo nataka tuanze na wapiga kura, na tusiwaache mpaka tumalize.

Moldova ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine, kati ya mto Prut na mto Dniester. Ni nchi ya mizabibu, mahindi, alizeti, matufaha. Wakati wa Wasovieti, mvinyo wake ulinywewa kutoka Moscow hadi Vladivostok. Viwanda vizito, pamoja na kituo kikubwa cha kufua umeme, vilijengwa upande wa mashariki wa Dniester. Mwaka 1992 ulipigwa vita vya miezi michache, na ukanda ule wa mashariki, Transnistria, ukajitenga ukilindwa na jeshi la Urusi. Kwa hiyo nchi hii ilizaliwa ikiwa tayari imepoteza umeme wake na chuma chake. Mashamba ya pamoja yalivunjwa, kila mwenye haki akapewa hekta moja au mbili, mara nyingi katika vipande vilivyotawanyika, bila trekta na bila soko. Mwaka 1998 uchumi wa Urusi ukaporomoka, na soko la mvinyo na matunda likaporomoka nao. Miaka ya tisini ilipokwisha, pato la taifa lilikuwa limeshuka hadi karibu theluthi moja ya lilivyokuwa mwaka 1989.

Nawaomba mlitafakari hilo kidogo. Theluthi moja. Hakuna mabomu yaliyoangushwa juu ya vijiji vya katikati ya Moldova, lakini ndani ya miaka kumi watu wa huko walipoteza zaidi ya wanavyopoteza wengi waliopigwa vita. Pensheni zilicheleweshwa kwa miezi. Mishahara ya walimu ilicheleweshwa, na wengine wakalipwa kwa bidhaa badala ya fedha. Mzee aliyefanya kazi miaka arobaini kwenye shamba la serikali alikuta akiba yake yote imeliwa na mfumuko wa bei. Mwaka 1999 watu takriban saba katika kila kumi walihesabiwa kuwa maskini.

Huyo ndiye aliyepiga kura Februari 2001. Anayesema kwamba alidanganywa na picha ya Lenin hajamtazama. Mzee yule alikuwa anadai pensheni ilipwe kwa tarehe yake, hospitali ya wilaya iwe na dawa, gesi isikatwe wakati wa baridi. Aliwapigia kura wakomunisti kwa sababu wao peke yao walikumbukwa kuwa waliwahi kulipa kwa wakati. Naona hilo ni dai halali kabisa la raia, na linastahili heshima yetu.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana vijana wa sheria mtaipenda. Chama kilipata asilimia 50.07 ya kura, nusu kamili na kidogo. Viti 71 kati ya 101 vilitoka wapi? Sheria iliweka kizingiti cha asilimia 6 kwa chama kuingia bungeni, na vyama vidogo vilivyogawanyika vikashindwa kukiruka, kura zao zikapotea. Vilivyovuka vilikuwa vitatu tu: wakomunisti, muungano wa Waziri Mkuu Dumitru Braghiș uliopata viti 19, na wanademokrasia wa Kikristo waliopata 11. Kila kura iliyopotea kwa wadogo iliongeza mgao wa mkubwa. Hivyo ugomvi wa wapinzani wa wakomunisti nao uliwasaidia wakomunisti.

Na shika jambo la pili, kwa sababu tutalirudia. Hapo mwanzo Rais wa Moldova alichaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mwaka 2000, katika mvutano na Rais Petru Lucinschi, Bunge lilibadili Katiba: Rais achaguliwe na wabunge, na apate kura 61, yaani tatu ya tano. Wakomunisti walikuwa miongoni mwa walioipitisha. Desemba mwaka huo Bunge likashindwa kumpata mtu wa kura 61, likavunjwa, na ndipo ukaja uchaguzi ule wa Februari. Kanuni ya 61 iliwafungulia wakomunisti mlango. Ndiyo itakayowafungia pia.

Voronin mwenyewe ni nani? Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Corjova, ng'ambo ya Dniester. Ujanani alisimamia kiwanda cha mikate, akapanda ngazi za chama hadi kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Moldova ya Kisovieti. Novemba 1989 umati ulizingira wizara yake katika mji mkuu, Chișinău, ukaivunjia madirisha kwa mawe. Waziri hakuamuru risasi zipigwe. Hata wanaompinga vikali humpa hilo, nami nampa. Agosti 1991, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa huko Moscow, chama kilipigwa marufuku. Mwaka 1993 marufuku iliondolewa, chama kikaundwa upya, Voronin akawa kiongozi. Mwaka 1996 aligombea urais akashika nafasi ya tatu. Mwaka 1998 chama kikawa cha kwanza kwa viti, 40, lakini wengine wote wakaungana kukiacha nje. Hapo ndipo kilipokomaa, maana umaskini wa miaka ile ukaandikwa kwenye daftari la wenzake, na lake likabaki safi.

Sasa walitawala vipi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukosea.

Hawakujenga ukomunisti. Hawakutaifisha ardhi iliyogawiwa, wala hawakurudisha mashamba ya pamoja. Waziri Mkuu wao, Vasile Tarlev, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha pipi na chokoleti. Kuanzia Januari 2008 serikali hiyohiyo ya kikomunisti iliweka kodi ya mapato ya makampuni kuwa asilimia sifuri. Yule aliyetarajia nchi nzima kugeuzwa ghala la chama hakulikuta. Walichojenga ni dola: walirudisha wilaya za zamani mahali pa mikoa mikubwa, ili mwananchi apate ofisi karibu, walilipa malimbikizo ya pensheni na mishahara, kisha wakaiongeza, wakalipa madeni ya nje. Uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia sita hivi kwa mwaka, na kufikia 2005 maskini walikuwa karibu watatu katika kila kumi. Chama cha watu wasioamini Mungu kilisimamia hata ukarabati wa monasteri kongwe za Căpriana na Curchi. Ile ya Curchi Wasovieti walikuwa wameifanya hospitali ya wagonjwa wa akili. Bibi wa kijijini aliyekuwa na sanamu takatifu kwenye pembe moja ya chumba na kadi ya chama kwenye droo hakuona mgongano wowote, na chama kilimjua bibi huyo vizuri.

Kwa Moscow je? Walipoingia waliahidi kuifikiria Moldova ndani ya muungano wa Urusi na Belarus, na kukipa Kirusi hadhi ya lugha ya pili ya dola. Mwanzoni mwa 2002 walipotaka Kirusi kiwe cha lazima kuanzia darasa la pili, maelfu waliandamana katikati ya Chișinău kwa miezi, na serikali ikarudi nyuma. Kisha ikaja Novemba 2003. Dmitry Kozak, msaidizi wa Putin, alikuwa ameandika mpango wa kuiunganisha nchi na Transnistria katika shirikisho. Ukanda ule mdogo ungepata nguvu ya kuzuia maamuzi makubwa ya nchi nzima, na majeshi ya Urusi yangebaki kwa miaka mingi. Putin alikuwa tayari kuruka kwenda Chișinău kutia saini. Usiku wa mwisho Voronin alikataa. Watu walikuwa barabarani, mabalozi wa Magharibi walikuwa wanapiga simu, na yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo ile, alijua nini kingefuata. Moscow haikumsamehe. Mwaka 2006 Urusi ilifunga soko lake kwa mvinyo wa Moldova, pigo lililofika mpaka kwa mkulima wa mwisho. Lakini chama cha nyundo na mundu kilikuwa tayari kimeshageukia Brussels: mwaka 2005 kiliingia uchaguzi kikihubiri Ulaya, kikapata viti 56, na kwa kuwa 56 si 61, wapinzani kadhaa wakampigia Voronin kura ili mradi atekeleze mageuzi. Akachaguliwa tena kwa kura 75.

Nisiwafiche upande wa pili. Televisheni ya taifa ilikuwa chini ya kidole cha serikali, hata waandishi wake wakagoma mwaka 2002. Mahakama zilisikiliza sana simu za wakubwa. Mtoto wa Rais, Oleg, akawa mfanyabiashara mkubwa mwenye benki, wakati wanachama wa baba yake walikuwa wakihesabu sarafu dukani. Polisi walipiga watu vituoni. Yote hayo yalikuwepo wakati pensheni zikilipwa, na mimi sikubali kwamba moja lifute lingine, upande wowote.

Ndugu zangu, sasa nafika penye kiini.

Fedha za kulipa pensheni zile zilitoka wapi? Viwanda havikufufuka. Ukitazama vitabu vya hesabu vya miaka ile, unakuta fedha zinatoka Roma, Padua, Lisbon, Moscow, zilikokuwa zikifanya kazi damu za Moldova. Kina mama walikwenda Italia kulea wazee wa Waitalia. Kina baba walikwenda Urusi kwenye majengo, wengine Ureno. Katikati ya muongo ule zaidi ya robo ya nguvukazi ya nchi ilikuwa nje, na fedha walizotuma zilikaribia au kupita theluthi moja ya pato la taifa. Benki ya Dunia iliihesabu Moldova miongoni mwa nchi zilizotegemea fedha za wahamiaji kuliko zote duniani. Fedha ile ilinunua saruji, simu, jokofu, gari kuukuu kutoka Ujerumani. Vingi vya vilivyonunuliwa vilikuwa vimeingia kutoka nje, vikalipiwa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani mpakani, na kodi hiyo ikawa pensheni ya bibi.

Mnauona mzunguko huo? Mama yuko Padua, Italia, anamwogesha kizee wa watu. Fedha yake inapita forodhani, inaingia hazina, inamfikia mama yake mzazi kijijini kama pensheni iliyolipwa tarehe ya leo bila kuchelewa. Bibi anashukuru chama, anakipigia kura. Na mjukuu anayelelewa na bibi huyo anaongea na mama yake kwa simu kila Jumapili, anasikia jinsi hospitali za huko zinavyofanya kazi, jinsi afisa wa huko asivyodai kitu mkononi. Nyumba moja, pensheni moja, kura mbili zinazopingana. Hapa kwetu wengi mna shangazi Muscat au Dubai, mnajua ninachosema bila nieleze.

Kwa hiyo, na hili ndilo nililokuja kulisema, utulivu ambao wakomunisti wa Moldova walijivunia ulilipiwa na watu ambao chama hakikuwa na neno la kuwaambia. Ilani zao ziliongea na mzee. Ziliongea na mwalimu, na mkulima. Kwa aliyeko Padua hapakuwa na ukurasa. Na watoto wa aliyeko Padua wakakua.

Tarehe 5 Aprili 2009 ulifika uchaguzi mwingine. Voronin alikuwa amemaliza vipindi viwili na hakuruhusiwa cha tatu. Chama kilipata asilimia 49.48 na viti 60. Sitini! Kura zilihesabiwa upya, haikubadili kitu. Walikuwa na uwezo wa kuunda serikali peke yao, kupitisha bajeti, kuchagua spika. Kitu kimoja tu hawakuwa nacho: kura ya sitini na moja ya kumchagua Rais. Wamoldova waliiita kura ya dhahabu.

Jumatatu tarehe 6 vijana walianza kukusanyika Chișinău, wakiitana kwa ujumbe wa simu, kwa Facebook na kwa Twitter. Magazeti ya nje yaliyapa maandamano yale jina la mtandao huo, nadhani kwa kupita kiasi, maana simu ya kawaida ilifanya kazi kubwa zaidi. Jumanne tarehe 7 wakawa maelfu kwa maelfu, wakidai kura zimeibwa. Mawe yakarushwa, jengo la Bunge likavamiwa na kuchomwa moto, ofisi za Rais zikaharibiwa. Usiku polisi wakaanza kukamata. Mamia walikamatwa, wengi wakapigwa vibaya vituoni, na kijana wa miaka 23 akafa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya baadaye iliitia Moldova hatiani katika kesi kadhaa za watu walioteswa siku zile. Voronin aliilaumu Romania, akamfukuza balozi wake, akaweka viza kwa Waromania. Sijaona ushahidi wa kunishawishi kwamba Romania iliwapanga vijana wale. Ninachokiona ni kwamba Rais aliwatazama watoto wa wapiga kura wake akashindwa kuamini kuwa ni wa nyumbani.

Bunge likakutana kumchagua Rais. Mgombea wa wakomunisti alikuwa Waziri Mkuu Zinaida Greceanîi, mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu nchini humo. Tarehe 20 Mei akapata kura 60. Tarehe 3 Juni wakarudia, akapata 60. Wabunge 41 wa upinzani walisusia kura, na hapakupatikana hata mmoja wa kununulika wala wa kushawishika. Siku chache baadaye Marian Lupu, aliyekuwa spika kwa tiketi ya wakomunisti, mtu ambaye wengi walimwona kama mrithi, alihama chama. Julai 29 uchaguzi ukarudiwa. Wakomunisti bado walikuwa wa kwanza, karibu asilimia 45, viti 48. Vyama vinne vya upinzani, kimoja kikiongozwa sasa na Lupu huyo, vikawa na 53.

Na hapa nataka niseme jambo kwa sauti. Tarehe 11 Septemba 2009 Voronin alijiuzulu akaondoka ikulu. Chama chake kilikuwa bado ndicho kikubwa kuliko vyote nchini. Alikuwa na polisi, alikuwa na televisheni, alikuwa na majirani ambao wangefurahi kumfundisha namna ya kubaki. Aliondoka. Walioingia kwa kura wakatoka kwa kura, na katika eneo lile la dunia watawala wa namna hiyo ni wachache sana. Wanaowaita madikteta waitafutie siku hiyo nafasi katika maelezo yao.

Kanuni ya 61 haikuwaacha hata walioshinda. Lupu aligombea urais mara mbili mwishoni mwa 2009, mara zote akapata 53, kwa kuwa sasa wakomunisti ndio waliosusia. Mwaka 2010 ikaitishwa kura ya maoni ili wananchi wachague Rais moja kwa moja. Wakomunisti wakahimiza watu wabaki nyumbani, na waliojitokeza hawakufika theluthi moja iliyohitajika. Uchaguzi ukaitishwa tena Novemba, wakomunisti wakashuka hadi viti 42. Nchi ilikaa miaka miwili na nusu na makaimu. Mpaka tarehe 16 Machi 2012 jaji Nicolae Timofti alipochaguliwa kwa kura 62. Kura zilizokosekana zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kambi ya wakomunisti wenyewe: Igor Dodon, aliyekuwa waziri wao wa uchumi, na Zinaida Greceanîi, yuleyule mgombea wa kura 60, pamoja na mwenzao, walikuwa wamekihama chama Novemba 2011 na kujiunga na wasoshalisti.

Kuanzia hapo chama kilikatika vipande. Julai 2012 Bunge lilipiga marufuku nyundo na mundu katika siasa. Sisi tuliokulia chini ya jembe na nyundo tunajua alama ya kazi inavyoweza kuingia moyoni mwa mtu, na nafurahi Mahakama ya Katiba iliitengua marufuku ile mwaka 2013. Lakini adui mkubwa hakuwa marufuku. Mwaka 2014 Voronin aliwasukuma nje wale waliokuwa wanafikiri kwa niaba ya chama, akiwemo Mark Tkaciuk, mwanahistoria aliyekuwa akiandika mawazo yake makuu. Uchaguzi wa mwaka huo ukaleta viti 21, na wasoshalisti wa Dodon wakawapita kwa kupata 25. Desemba 2015 wabunge 14 kati ya 21 walihama kwa siku moja, na kura zao zikaishia kusaidia serikali iliyosimamiwa na tajiri Vlad Plahotniuc. Ulikuwa wakati ambao nchi ilikuwa bado inalia dola takriban bilioni moja zilizochotwa kwenye benki zake. Wapiga kura wa vijijini waliowatuma wabunge wale hawakuulizwa. Mwaka 2019 chama kikapata asilimia 3.75, hakikuingia bungeni.

Kila aliyefaa kurithi aliondoka: Lupu, Dodon, Greceanîi, Tkaciuk. Mwenyekiti alibaki yuleyule tangu miaka ya tisini. Hapa kwetu tuliwahi kumwona kiongozi aking'atuka urais 1985, kisha uenyekiti wa chama 1990, akiwa hai na mwenye nguvu, na chama kikabaki. Voronin aling'atuka ikulu kwa sababu Katiba na hesabu vilimlazimisha, ila uenyekiti hakuna Katiba iliyomlazimisha. Mwaka 2021, akiwa na miaka 80, alirudi bungeni kupitia muungano na Dodon yuleyule aliyemwita msaliti. Muungano ulipata viti 32, na chama cha PAS cha Rais Maia Sandu 63. Septemba 2025 wakaungana tena na wasoshalisti katika kambi iliyopata viti 26 dhidi ya 55 vya PAS.

Na watoto wa Padua? Mahakama ya Katiba ilirudisha uchaguzi wa Rais kwa wananchi mwaka 2016, na Novemba 2020, duru ya pili, Wamoldova zaidi ya 260,000 walipiga kura wakiwa nje ya nchi. Walipanga foleni barabarani Frankfurt, Paris, London na miji ya Italia. Takriban asilimia 93 yao walimpa Sandu, dhidi ya Dodon. Wale ambao chama hakikuwa na ukurasa wao walijiandikia wenyewe.

Lakini wenyewe hawakurudi. Sensa ya 2004, bila Transnistria, ilihesabu watu milioni 3.38. Ile ya 2024 imehesabu takriban milioni 2.4. Nawasikia wengine wakishangilia kwamba wakomunisti wamekwisha Moldova. Mimi naona vijiji vilivyokwisha pamoja nao, na sijui nishangilie nini.

Nimalizie kwa jambo moja ambalo magazeti mengi yalilipita haraka. PAS, chama cha wahamiaji, cha vijana, cha Ulaya, kilipochukua Bunge katikati ya 2021, ahadi iliyokipa kura nyingi vijijini ilikuwa pensheni ya kima cha chini cha lei 2,000, lei ikiwa ndiyo fedha ya Moldova. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo zikaanza kulipwa. Bibi yule wa Februari 2001, kama bado yu hai, alipokea fedha zake kwa wakati, safari hii kutoka kwa wajukuu, na dai lake lilikuwa lilelile.

Asanteni sana. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwa vijana wale wa mlangoni, maana wamesimama muda mrefu.